Kununua laptopu ukiwa ughaibuni na kuiandaa ije kufanya kazi Mwanza

Kila likizo ikikaribia, simu yangu hujaa meseji za namna moja. "Kaka, niko Ankara, nimeona laptopu bei poa, nichukue?" "Kaka, dada kanitumia kompyuta kutoka Ujerumani, nikibonyeza z inakuja y." "Nipo Guangzhou, mashine yote Kichina, naanzia wapi?" Kumjibu kila mmoja peke yake kumenichosha, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa. Ni ya mtu wa kawaida: mwanafunzi, muuguzi, mhasibu, mzazi anayemnunulia mwanawe aliyeko chuo cha SAUT. Wacheza gemu wana mambo yao.

Kabla ya yote elewa hivi: laptopu utainunua huko, lakini itazeekea huku. Chaja itakufia Nyegezi, kioo kitapasukia kwenye daladala ya Igoma, na fundi atakayeifungua atakuwa wa hapa mjini, mwenye spea za hapa mjini. Hatua zote zinazofuata nimezipima kwa kipimo hicho.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pesa yote ya kazi, si ya mashine peke yake. Bakiza ya begi lenye sponji, waya wa chaja wa plagi yetu, na kifaa cha kulinda umeme nyumbani.
- Orodha ya programu utakazotumia, iandikwe kwenye karatasi. SPSS ya takwimu? AutoCAD ya michoro? Programu ya mahesabu ya duka? Bila orodha hii muuzaji ndiye atakayekuamulia.
- Flashi tupu ya GB 8 au zaidi.
- Barua pepe ambayo paswedi yake unaikumbuka, na namba ya simu itakayokuwa hai hata ukirudi nyumbani. Hili la namba tutalirudia, maana ndilo linaloliza watu.
- Intaneti isiyopimwa kwa bando. Ya chuoni au ya mwenye nyumba inatosha.

Hatua ya 1: Chagua mashine yenye spea Mwanza

HP, Dell na Lenovo ndizo zilizozoeleka mezani kwa mafundi wetu, hasa zile za kiofisi: EliteBook, Latitude na ThinkPad. Betri, kibodi, bawaba, hata kava la chini utalipata, au litatoka Dar kwa basi. Kampuni za Kijapani kama NEC na Fujitsu hutengeneza mashine ngumu kabisa, lakini siku kioo kikipasuka utasubiri.

Kwa kazi za kawaida, usishuke chini ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na SSD (hifadhi ya mafaili) ya GB 256. Zipo laptopu mpya za bei ya chini sana zenye hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC. Zinavutia kwa wembamba na rangi. Masasisho ya Windows huijaza hifadhi hiyo mpaka mashine inashindwa hata kujisasisha, na mara nyingi imechomelewa kwenye bodi, haibadilishiki. Achana nazo.

Chromebook, laptopu yenye mfumo wa Google badala ya Windows, ni nzuri kwa anayeishi ndani ya intaneti. SPSS ya kawaida haiingii humo, na ukiwa Ukerewe bando limeisha utabaki kuitazama. Laptopu za Windows zenye prosesa ya Snapdragon zinakaa na chaji vizuri mno, ila baadhi ya programu na draiva (programu ndogo za kuendeshea vifaa) za printa za zamani hazikubali. Kama orodha yako ina programu ya kizamani ya ofisini, chukua Intel au AMD.

Hatua ya 2: Kama ni used, soma namba ya prosesa

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo nunua inayokubali Windows 11, ambayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi kinasomeka baada ya kistari: i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Muuzaji akikwambia "ni i7 hiyo bwana" bila namba kamili, bado hajakwambia kitu. Kuna i7 za mwaka 2013 zinazopitwa mbali na i5 ya kizazi cha 11.

Kisha fanya haya mbele ya muuzaji, kabla pesa haijatoka mfukoni:

a) Mwombe muuzaji aianzishe upya kama mpya, kisha uiunganishe na intaneti, hata ya simu yako. Laptopu nyingi za used zilikuwa mali ya makampuni. Kama haikufutwa kwenye orodha ya kampuni, wakati wa kuianzisha upya itataja jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini. Kwa Macbook itadai akaunti ya mwenye mali wa kwanza. Hapo hakuna mjadala, irudishe. Hakuna fundi wa Mwanza wala wa kwingine atakayekutolea kizuizi hicho kwa njia halali, na anayedai anaweza ataipiga Windows upya, kisha kizuizi kinaweza kurudi siku utakapoianzisha upya ukiwa na intaneti.

b) Izime, uiwashe huku ukibonyeza F2, F10 au Delete kutegemea kampuni, uingie BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayotangulia Windows. Ikidai paswedi asiyoijua muuzaji, acha.

c) Pima betri. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika `powercfg /batteryreport`. Itatengeneza ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ya pili imeshuka chini ya nusu ya ya kwanza, toa gharama ya betri mpya kwenye bei.

d) Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Chomeka flashi kila tundu. Fungua kamera. Inua kioo juu chini usikilize bawaba.

Hatua ya 3: Itazame kibodi kwa makini

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu kwenye picha ya tangazo kibodi zote zinafanana.

Sisi tumezoea mpangilio wa Kimarekani au wa Kiingereza. Ujerumani y na z zimebadilishana nafasi, kwa hiyo anayeandika bila kutazama vidole ataandika Mwanza itokee Mwanya. Ufaransa na Ubelgiji ni balaa zaidi: a na q zimebadilishana, w na z zimebadilishana, m imehamia pembeni, na tarakimu hazitoki mpaka ushike Shift. Uturuki kuna i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, na ile isiyo na nukta imekaa mahali unapoitegemea ya kawaida.

Una njia tatu. Ya kwanza, agiza mashine yenye kibodi ya Kimarekani. Baadhi ya watengenezaji hukupa chaguo hilo ukinunua kwenye tovuti yao, na China laptopu nyingi zina mpangilio huo tayari. Ya pili, nunua ya nchi hiyo, ubadilishe mpangilio ndani ya Windows, na usijali kilichochorwa kwenye vitufe. Kiswahili hakina herufi za ajabu. Hata ng' inahitaji kidoto cha juu tu. Ya tatu, bandika stika za herufi. Stika ni za bei ndogo, lakini kwa joto letu na mikono ya watu wengi kwenye kompyuta moja ya familia, hubanduka.

Mimi ningechagua ya pili kwa mtu mzima aliyezoea kuandika. Mtoto anayejifunza asipewe kibodi inayosema uongo.

Hatua ya 4: Soma kibandiko cha chaja

Tafuta maandishi haya: INPUT 100-240V, 50/60Hz. Ukiyaona, chaja hiyo itafanya kazi Tanzania kwenye volti 230 bila transfoma yoyote, hata kama laptopu ilitoka Marekani kwa volti 120 au Japani kwa volti 100. Karibu chaja zote za laptopu ziko hivyo. Kompyuta za mezani, skrini na printa siyo zote. Printa ya Japani ya volti 100 ukiichomeka moja kwa moja Buzuruga, moshi utaonekana Kisesa.

Sasa kichwa cha plagi. Angalia chaja yako: waya unaotoka ukutani mara nyingi unachomoka kwenye kile kiboksi cheusi. Basi hapa Mwanza unanunua waya mwingine tu, wenye pini tatu bapa na fyuzi ndani, mdomo wake ufanane na tundu la kiboksi chako. Ni salama kuliko adapta za kubandikana ambazo zinalegea na kutoa cheche.

Onyo: usichokonoe tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya Ulaya yenye pini mbili za mviringo iingie. Najua kila nyumba inafanya hivyo. Plagi hiyo hushikilia kwa kubahatisha, hupata joto, na chaja inayotegemea waya wa ethi inakuwa haina ethi.

Kama unachagua kati ya mashine mbili zinazolingana, chukua inayochajiwa kwa tundu la USB-C. Siku chaja ikifa, hutazunguka mji mzima ukitafuta pini ya aina moja.

Hatua ya 5: Lipa, na utunze karatasi

Nchi za Umoja wa Ulaya, kitu kipya kina dhamana ya kisheria ya miaka 2, na ukinunua mtandaoni una siku 14 za kukirudisha bila kutoa sababu. Tumia siku hizo kuijaribu kwelikweli, usiiache kwenye boksi mpaka siku ya safari. Uliza pia kama waranti ya kampuni inafuata mashine hadi nchi nyingine au inaishia mpakani, maana zipo za namna zote mbili hata ndani ya kampuni moja. Risiti ipige picha na ujitumie kwa barua pepe.

Hatua ya 6: Washa mara ya kwanza

Skrini ya kwanza huuliza lugha. Kama orodha ina Kiingereza, chagua. Nchi chagua unayoishi sasa, utabadilisha baadaye. Kibodi chagua utakayotumia kweli, kwa sababu paswedi utakayoiweka hapa itaandikwa kwa mpangilio huo. Windows 11 Home itadai intaneti na akaunti ya Microsoft.

Kama orodha ina lugha moja tu, huenda umepata toleo liitwalo Home Single Language. Hilo halikubali kuongezewa lugha ya menyu kwa njia ya kawaida. Dawa yake: ingia tovuti ya Microsoft, shusha programu ya bure ya kutengenezea flashi ya Windows, chagua Kiingereza, kisha piga Windows upya kwa flashi ile. Laptopu iliyokuja na Windows hubeba ufunguo wake wa leseni ndani ya bodi, kwa hiyo usinunue ufunguo wa mtu wala kuipiga ya wizi juu ya halali. Laptopu za soko la China zina ugumu unaofanana na huo. Muulize muuzaji abadilishe lugha mbele yako kabla hujalipa.

Ukiwa umekwama ndani ya lugha usiyoisoma, vitufe havina lugha. Kitufe cha Windows na I pamoja hufungua mipangilio. Windows na kitufe kirefu cha nafasi (spacebar) hubadilisha kibodi. Picha ndogo za pembeni ni zilezile kwa lugha zote, kwa hiyo fungua laptopu ya mwenzako ya Kiingereza pembeni, ufuate mahali kila kitu kilipo.

Ikikataa kabisa programu za nje ya duka la Microsoft, iko kwenye hali iitwayo S mode. Kutoka ni bure, kupitia duka hilohilo, ila ukitoka huwezi kurudi tena.

Hatua ya 7: Maliza kazi nzito ukiwa na intaneti ya bure

Endesha masasisho yote, uizime, uiwashe, uendeshe tena mpaka iseme hakuna zaidi. Sakinisha programu zote za kwenye orodha yako. Antivairasi inayokuja na Windows inatosha. Usilipie nyingine kwa kutishwa na vijidirisha.

Angalizo kuhusu Office ya chuo: leseni hiyo ni ya mwanafunzi. Ukihitimu na chuo kikafunga akaunti yako, inakufa, pamoja na mafaili uliyoyaacha kwenye hifadhi ya chuo. Hamisha kazi zako mapema, na weka LibreOffice kama akiba. Ni ya bure na inafungua mafaili ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa ngumu huvurugika kidogo.

Hatua ya 8: Kata utegemezi wa laini ya huko

Akaunti ya Microsoft, ya Google, ya Apple, zote umezisajili kwa namba ya simu ya Uturuki au India. Ukirudi, ile laini inakufa. Miezi sita baadaye kompyuta inadai msimbo uliotumwa kwa meseji kwenye namba ambayo labda kashapewa mtu mwingine.

Na kuna ubaya uliojificha nyuma yake. Laptopu nyingi mpya husimba diski zenyewe bila kukuuliza, yaani huyafunga mafaili kwa ufunguo wa siri kupitia BitLocker ya Windows. Bodi ikitengenezwa au BIOS ikiguswa, inadai ufunguo wa tarakimu 48, na ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ileile usiyoweza kuifungua. Hapo mafaili yamekwenda, tasnifu na picha za harusi vyote.

Kwa hiyo, kabla ya safari: ongeza namba ya Tanzania kwenye akaunti zote, ongeza barua pepe ya pili, ingia kwenye akaunti ya Microsoft utafute ufunguo wa BitLocker, uuandike kwenye daftari. Daftari la karatasi. Usiuhifadhi ndani ya laptopu ileile.

Hatua ya 9: Isafirishe

Laptopu ibebe mkononi, usiitie kwenye begi la mizigo. Betri za hadi wati-saa (Wh) 100 zinaruhusiwa ndegeni, na betri za laptopu za kawaida ziko chini ya hapo. Kama kibandiko kina volti na Ah tu, zidisha: 11.4V mara 4.2Ah ni karibu Wh 48. Betri ya akiba na pawabanki ni za mkononi tu.

Moja uliyoitumia, iliyo begini mwako, ni mali ya msafiri. Tatu mpya kwenye maboksi ni biashara machoni pa afisa, na ana haki. Ushuru wa forodha wa kompyuta katika Afrika Mashariki ni asilimia 0, lakini VAT ya kawaida Tanzania ni asilimia 18, na zipo tozo nyingine. Kuwa na risiti ili isikadiriwe kwa macho.

Kama inatoka Dar kwa basi, iko njiani zaidi ya kilomita 1,000. Izime kabisa, isiwe imelala tu. Toa flashi na kidude cha kipanya kwenye matundu yake, funga kwa sponji pande zote, na usiandike "laptop" kwenye boksi.

Hatua ya 10: Ikifika Mwanza

Chagua saa za eneo la Nairobi, ndizo zetu, UTC+3. Kisha fungua mipangilio ya Wi-Fi uiambie kwamba mtandao wa simu yako unapimwa, ile "Metered connection", na usimamishe OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, isipakie mafaili yenyewe. Usipofanya hivyo, bando la wiki litaondoka usiku mmoja.

Usichomeke moja kwa moja ukutani. Umeme ukikatika si tatizo, laptopu ina betri. Tatizo ni unavyorudi. Tumia ekstensheni yenye kinga ya kweli ya umeme, na radi zikianza kunguruma juu ya ziwa, chomoa kabisa. Kinga ya bei ndogo haizuii radi. Anayekaa karibu na maji, Kirumba au Nansio, asiiache dirishani: vijidudu vinavyofuata mwanga usiku huingia kwenye feni, na unyevu humalizia.

Ikisumbua

*Paswedi inakataliwa na una uhakika nayo.* Angalia pembe ya chini kulia ya skrini ya kuingilia, kuna herufi za lugha ya kibodi. Bonyeza Windows na nafasi mpaka ifike ile uliyoitumia kuiweka.

*Kila tovuti inasema si salama.* Tazama tarehe. Saa ikirudi nyuma kila ukizima, betri ndogo ya kwenye bodi imekufa. Fundi anaibadilisha haraka.

*Wi-Fi ya ofisini haionekani, simu inaiona.* Mashine za soko la Marekani mara nyingi hazisikii chaneli ya 12 na 13. Mwombe mwenye ruta aihamishe kwenye 1, 6 au 11.

*Umepiga Windows upya, Wi-Fi haipo kabisa.* Draiva imekosekana. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB (USB tethering), kisha endesha masasisho.

*Steshenari wanasema karatasi haikai sawa.* Mashine ya Marekani hupanga kurasa kwa saizi ya Letter. Badilisha iwe A4 kwenye Word na kwenye mipangilio ya printa, kisha tazama tena namba za kurasa.

*Excel inakataa 2.5, inataka 2,5.* Imebaki na mipangilio ya Ujerumani au Ufaransa. Bonyeza Windows na R, andika `intl.cpl`, chagua Kiingereza cha Uingereza. Fanya hivi kabla hujafungua faili la mahesabu ya kikundi, kwa sababu nukta na mkato vikigeuzana, shilingi zinahama safu.

*Inachaji ikiwa imezimwa tu, au inachaji polepole.* Chaja ya USB-C ya simu ya wati 20 haitoshi. Soma wati za chaja iliyokuja na mashine, nyingi ni 45 au 65, utafute inayolingana. Kama wati ni sawa na bado haichaji, jaribu waya mwingine kabla hujamwita fundi. Waya ndiyo hufa kwanza.